Unyayo, mwiba na skana

Wagogo husimulia kwamba Dodoma ilipata jina baada ya tembo kuzama kwenye tope alipokwenda kunywa maji. Idodomya, imezama. Kwa hiyo mji wetu huu ulianza na mguu, na leo nazungumzia miguu.

Siku hizi mwenye fedha zake anasimama juu ya kioo, skana inasoma umbo la unyayo, na sahani nyingine inaonyesha kwa rangi ni wapi uzito wa mwili unakandamiza zaidi. Kisha mashine inachonga soli ya ndani ya kiatu kwa kipimo chake peke yake. Tunaiona kama teknolojia ya wanariadha wa Ulaya. Jamani, si kweli. Sehemu kubwa ya ujuzi huu imetokana na miguu ya watu wenye ukoma, watu kama waliotibiwa pale Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma.

Tulikuzwa tukiamini ukoma unakula vidole. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha vingine. Ugonjwa unaua mishipa ya fahamu, mguu unakufa ganzi, na mtu anatembea na mwiba kutwa nzima bila habari. (Aliyewahi kukatiza kwenye migunga ya Ugogo haitaji maelezo zaidi.) Usiku panya humtafuna naye amelala. Hata asipochomwa na kitu, pale panapokandamizwa kila hatua hatimaye hupasuka kidonda.

Panapokandamizwa ni wapi? Mwaka 1947 Harris na Beath, waliopima miguu ya wanajeshi wa Kanada, walitumia mkeka wa mpira uliopakwa wino. Ukikanyaga, alama inabaki kwenye karatasi, na penye uzito mkubwa wino unakolea. Mkeka huo ukaja kutumika kwa miguu yenye ganzi, Carville huko Marekani, alikohamia Brand. Huyo ndiye babu wa skana. Pasipo na mkeka, mhudumu alitumia jicho na kiganja: penye sugu, penye joto, ndipo penye hatari.

Ndala zilizotengenezwa zilikuwa na mpira laini wenye vitundu vya hewa kwa ndani, mpira mgumu chini, na hakuna msumari hata mmoja. Linganisha na makatambuga ya sokoni! Shida ni kwamba kiatu chenyewe kilimtangaza mvaaji, wengi wakakikataa. Siwalaumu.

Tanzania ilianza kutumia dawa mseto za ukoma mwaka 1983, na 2006 ikafikia lengo la chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Lakini mshipa wa fahamu uliokufa haufufuliwi na dawa, na sasa kisukari kinaleta ganzi ile ile. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Hao walikuwa Dar es Salaam, jijini kabisa.

Mafundi tunao. Chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1981. Skana inamaliza kazi yake kwa dakika chache. Kuisugua soli mpaka ikae vizuri ndani ya kiatu bado ni kazi ya mkono. Na mwenye ganzi, hata akiwa na soli ya bei mbaya, kila asubuhi inabidi akikung'ute kiatu na kupapasa ndani kabla ya kuvaa, maana kokoto iliyoingia jana jioni haimo kwenye picha ya skana.