Daftari la wino mmoja

Nilipokuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari mkoani Tanga, daftari la uongo nililitambua kabla sijasoma namba hata moja. Tarehe zilikuwa za mwezi mzima, lakini wino mmoja, mwandiko mmoja, mkono haujachoka. Sita, sita na nusu, sita. Mwenyewe kaliandika jana usiku mbele ya koroboi ili leo daktari asimgombeze.

"Bibi, sukari yako imetulia kama maji ya mtungini," namwambia.

"Ndiyo, Sista, nimejitahidi," anajibu, macho chini, kisha ananyoosha kidole nikitoboe. Mashine inasema 17, naye hajala tangu jana; tulitaka isifike hata 7.

Siku hizi mjukuu wangu kaniwekea programu ya sukari kwenye simu, na daftari lile hunirudia kichwani. Mashine zimebadilika sana, lakini swali ni lile lile: anayeandika namba anamwandikia nani?

Nilipoanza kazi hatukuwa na namba. Tulikuwa na rangi. Dawa yetu ilikuwa ya Benedict, yenye jina la mkemia Mmarekani Stanley Benedict. Unamimina dawa hiyo ya bluu kiasi cha kijiko cha chai katika bomba la kioo, unadondosha matone 8 ya mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti huku mdomo wa bomba umeuelekeza mbali na uso, maana huruka. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo; njano, imezidi; rangi ya chungwa, hali si nzuri. Ikiwa nyekundu kama tofali, mgonjwa huyo hasubiri foleni.

Lakini mkojo ni shahidi mchelewaji. Sukari haimwagiki humo mpaka ile ya damu ipite takriban 10, kwa hiyo rangi ilisimulia mambo ya saa zilizopita. Na sukari ikishuka mno, mkojo hausemi kitu. Mgonjwa anatetemeka, jasho linamtiririka, na bomba letu ni bluu safi.

Kusoma damu kulirahisishwa na vijiti vya Dextrostix vya kampuni ya Ames, vilivyotoka miaka ya 1960. Kisha ikaja mashine ya kuvisoma, nayo iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Mwaka 1969 Richard Bernstein, mhandisi wa New York aliyekuwa na kisukari tangu utotoni, aliitaka. Hakuruhusiwa. Ikanunuliwa kwa jina la mkewe, aliyekuwa daktari, kwa dola 650. Bernstein akajitoboa mara kadhaa kwa siku, akaandika, akarekebisha chakula na sindano kwa kufuata alichokiandika. Alipopeleka maelezo yake kwa wataalamu hawakumjali, basi akiwa na miaka 45 akaingia chuo cha udaktari.

Nilipokisikia kisa hicho niliwaza wale bibi zangu. Bernstein hakuwa na sababu ya kuandika sita ya uongo, kwani angemdanganya nani? Daftari lake halikuwa karatasi ya mtihani.

Simu nayo iliingia kwa mlango huo huo. Mwaka 2013, huko huko Marekani, John Costik alikuwa na mtoto mdogo mwenye kisukari, aliyevaa kihisi cha kupima sukari kila baada ya dakika 5. Namba zilibaki kwenye kipokezi kilicho karibu na mtoto. Baba akiwa kazini haoni kitu. Costik, aliyejua kuandika programu, akazitoa humo na kuzirusha kwenye intaneti. Wazazi wengine wakajiunga, ikazaliwa Nightscout, na kauli yao ikawa: hatusubiri. Mwaka huo huo Dana Lewis wa Seattle, aliyeishi peke yake na kulala fofofo hata kengele ya kihisi isimwamshe, alianza na mwenzake kutengeneza mfumo wa kengele kali zaidi. Kufikia 2015 mfumo huo ulikuwa umekua, ukawa OpenAPS, unaoamuru pampu ya insulini iongeze au ipunguze dawa wenyewe.

Mimi sina kihisi wala pampu; bei yake si ya pensheni yangu. Kisukari kilinipata baada ya kustaafu, na ninatoboa kidole kama nilivyowatoboa wengine. Mashine yangu inapeleka namba kwenye simu bila kuniuliza, hivyo ujanja wa wino mmoja umekufa.

Nilidhani hivyo. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi kwa jirani, nikala pilau sahani mbili na halua juu yake. Usiku ule sikupima. Kesho yake simu ikaonyesha mstari wa wiki nzima, na pale penye harusi pana pengo. Nikalitambua upesi kama nilivyokuwa nikiyatambua madaftari yale.

Nikatoboa kidole: 13.4. Kando yake nikaandika: pilau, sahani mbili, halua. Hakuna daktari aliyeniomba. Jirani ana binti mwingine, na posa imeshaletwa.