Gunia la Kasiteriti

Mgeni akiona gunia la kasiteriti la kilo 50 huona limejaa kidogo tu, akadhani tumeibiwa. Madini haya ya bati ni mazito karibu mara saba kuliko maji. Kilo 50 zinajikunja pale chini, kama ngumi ndani ya soksi, na mshono wa chini ndio unaobeba kila kitu. Sisi tuliotunza depo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tulitazama mshono kwanza, mzani baadaye.

Bati la Kivu na Maniema lilikuwa mali ya makampuni. Kampuni ya Symétain ilianza Kalima mwaka 1932, na mwaka 1976 makampuni ya eneo hili yakaunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu ikawaruhusu raia kuchimba kwa mikono. Tarehe 24 Oktoba 1985 soko la London likasimamisha biashara ya bati, bei ikaporomoka, na SOMINKI haikupona tena. Mashine zikanyamaza, migongo ikachukua kazi.

Migongo hiyo ilibeba kwa gunia lolote lililopatikana: la sukari, la mbolea, la unga wa misaada. Hapakuwa na maabara ya kulipima. Tulisugua kitambaa kati ya vidole viwili. Kikitoa vumbi jeupe, jua limeshakila, weka pembeni. Tulivuta pembe mbili za chini kwa nguvu. Tukiwa na shaka tulivalisha gunia ndani ya gunia, tukashona mdomo kwa uzi uliosokotwa mara mbili. Kipimo cha mwisho kilikuwa mbebaji mwenyewe, na hilo mpaka leo silipendi.

Halafu zikaja lebo. Marekani ilipitisha sheria ya madini ya vita Julai 2010. Septemba Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Oktoba 2012, Nyabibwe huko Kalehe, magunia yakaanza kufungwa lebo za namba za kuonyesha madini yalikotoka: moja mgodini, nyingine kwa mnunuzi wa kati. Wageni walikuja kuikagua lebo, wakaipiga picha, wakaandika namba. Gunia lenyewe hawakuligusa. Lakini gunia likipasuka kwenye mashimo ya barabara ya Kalehe, madini yanamwagika na lebo inabaki imening'inia kwenye kitambaa kitupu. Ushahidi wote wa asili ya madini, uliogombaniwa mpaka Washington, umeshikwa na mshono wa gunia lililowahi kubeba sukari!

Deponi, madini yakishasafishwa, yalihamia kwenye mfuko wa tani, ule wenye masikio manne. Huo, tofauti na gunia, umepimwa kweli. Kipimo cha kimataifa cha ISO 21898, kilichotolewa kwanza 2004, kinadai mfuko wa safari moja uinuliwe mara 30 ukiwa na mzigo mara mbili ya ulioandikwa, kisha uvumilie mzigo mara tano ya huo ulioandikwa bila kukatika. Kitambaa chake nacho huanikwa kwa saa 200 chini ya mwanga mkali wa taa, na lazima kibaki na angalau nusu ya nguvu zake.

Tatizo ni kwamba mfuko hutengenezwa kwa kumfikiria mtu wa nafaka. Ukiujaza kasiteriti mpaka juu unapata tani tatu na zaidi ndani ya kitu kilichoandikwa tani moja, na vijana wa sepetu, wakiachwa, huujaza mpaka juu. Mfuko nusu mtupu wanauona ni uvivu. Nilikuwa nachora mstari wa makaa ndani, chini kabisa, na kusimama pale mpaka wafike.

Na safari moja ni safari moja. Mfuko uliorudi depo nilikuwa naukata masikio kwa kisu, usiinuliwe tena na mtu yeyote. Bosi alinung'unika kila mara: pale soko la Kadutu, mfuko wenye masikio una bei nzuri zaidi.