Jilinde na programu za kijasusi

Programu nyingi zinazopeleleza kompyuta huingizwa na mwenye kompyuta mwenyewe, bila ya kujua.

Aina kuu ni mbili. Programu za matangazo hufungua madirisha ya biashara usiyoyaomba na hufuatilia tovuti unazozitembelea. Programu za kijasusi hujificha: hunasa kila herufi unayoichapa, yakiwemo maneno ya siri, na nyingine huweza kuwasha kamera na kipaza sauti.

Zinaingiaje?

Njia ya kawaida ni programu za bure. Mkaazi wa Queensburgh, mjini Durban, anayetafuta programu ya kuzungumza na jamaa zake walioko Mombasa au Bukavu, anaweza kupakua mbili kwa pamoja: ile aliyoitaka, na nyingine iliyotajwa ndani ya masharti marefu ambayo ni wachache wanaoyasoma.

Wakati mwingine hatari huja na chombo kipya. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kuwa simu za Tecno W2, zilizouzwa Afrika Kusini na nchi nyingine za Afrika, zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zilizojaribu kuwaandikisha wateja katika huduma za kulipia bila ya idhini yao. Transsion, kampuni inayotengeneza simu hizo, ilimlaumu msambazaji ambaye haikumtaja.

Operesheni Fungua Macho

Serikali nazo hununua programu za aina hii. Oktoba 2015, shirika la Privacy International lenye makao yake London lilichapisha ripoti kuhusu operesheni ya Uganda iliyoitwa Fungua Macho.

Kwa mujibu wa ripoti hiyo, baada ya uchaguzi wa 2011 programu ya FinFisher ilitumiwa kuwapeleleza wapinzani, wanaharakati na waandishi wa habari. Mitandao bandia ya intaneti iliwekwa katika hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka. Serikali ya Uganda ilikanusha madai hayo.

Hatua za kuchukua

Pakua programu kutoka tovuti ya mtengenezaji pekee, na usikubali nyongeza usiyoijua.

Sasisha mfumo wa kompyuta mara utakapotakiwa na mfumo wenyewe. Dirisha la matangazo linalodai kuwa umeambukizwa virusi huenda likawa mtego.

Usifungue kiambatanisho usichokitarajia, hata kikitoka kwa rafiki. Mwulize kwanza.

Usiandike neno la siri katika kompyuta ya mgahawa wa intaneti.

Ukishuku kuwa unapelelezwa, ikate kompyuta na mtandao, kisha badilisha maneno ya siri kwa kutumia chombo kingine.

Tahadhari hizi hazimhusu mwenye kompyuta peke yake. Anayeishi uhamishoni huenda yuko mbali na wanaomtafuta, lakini barua zilizomo katika kompyuta yake zina majina ya waliobaki nyumbani.