Kutoka Tamu hadi Kalewa

Baba alikuwa na sentensi moja tu ya vita. Jioni, akishamaliza uji wake na kuegemea nguzo ya baraza, ukimuuliza ujanani alifika wapi, atakujibu: "Tulitoka Tamu, tukaenda kwa miguu mpaka Kalewa." Basi. Hapo anavuta blanketi, anatazama barabara. Sisi watoto tulijua ni hadithi ya pombe: mtu kaonja, ikawa tamu, mwisho kalewa. Majirani nao walijua hivyo, na wako waliomtania kwamba Mwingereza alimpeleka Bama kwenda kunywa tembo. Hakuwahi kumsahihisha mtu. Alifariki mwaka 1991, sentensi yake ikabaki kwetu kama utani wa ukoo.

Tamu ni mji. Uko Burma, ile Bama ya majirani, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, pale pale inapopakana na India. Kalewa nao ni mji, kando ya mto Chindwin. Kati ya miji hiyo miwili kuna bonde la Kabaw na barabara ya takribani kilomita 150. Baba alikuwa akitutajia njia aliyopita, kituo cha kwanza na cha mwisho, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ramani ya kumsikilizia.

Nyumbani kwetu ni Chanika, hii ya Handeni; wenyeji hulitumia jina hilo wakimaanisha mji wenyewe. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita, imeshikizwa kwenye utepe wa buluu iliyokolea, wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari myembamba ya rangi ya chungwa huku na huku. Katikati ya nyota pana taji, na kuizunguka herufi ndogo zinazosema kwa Kiingereza kwamba hii ni Nyota ya Burma. Niligeuza nyuma, nikapitisha ukucha kwenye kingo zote nikitafuta jina la baba. Hakuna kitu. Baadaye nilijifunza kwamba nyota hizo za Vita Kuu ya Pili Uingereza ilizitoa bila majina, hata kwa askari wake wa kizungu. Waliochongewa majina ni wachache, kama wale wa Afrika Kusini na Australia. Chini ya nyota palikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi. Mchwa walikuwa wamefika kabla yetu. Ilibaki kona moja ya karatasi na nusu ya mhuri.

Wazee wetu waliita jeshi lile la Mwingereza Keya, kutokana na herufi za King's African Rifles. Kutoka Tanganyika walikwenda vitani watu zaidi ya 80,000, wengine wakiwa askari wa bunduki, wengine madereva, wapagazi, wapishi na wasaidizi wa hospitali. Kwa hiyo kusema "baba alikuwa Keya" ni kama kusema "baba alikuwa mjini". Keya ipi? Ufunguo ni namba ya batalioni. Batalioni kongwe ya Tanganyika ilikuwa ya 6, na vita vilipopamba moto zikaundwa nyingine zenye namba zinazoishia na 6 vile vile: ya 26, ya 36 na ya 46. Za Uganda nyingi ziliishia na 4. Lakini asikudanganye mtu kwamba namba inataja kabila au hata nchi ya kila aliyekuwamo. Waruhiu Itote, yule Mkenya aliyekuja kujulikana msituni kama Jenerali China wa Mau Mau, Burma alikwenda na batalioni ya 36, ya Tanganyika.

Batalioni ya 6 ilikuwa na safari nyingine. Ilipigana na Waitaliano Ethiopia, na tarehe 19 Mei 1941, mahali panapoitwa Colito, sajini wake mmoja kutoka Kenya, Nigel Leakey, aliparamia kifaru cha adui, akakifungua na kuwapiga risasi waliokuwamo, isipokuwa dereva. Alikufa siku hiyo hiyo, akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Mwaka uliofuata batalioni ikapelekwa Madagaska. Jina la Colito lilirudi Dar es Salaam likawa jina la kambi ya jeshi, ile ambayo askari wake waliasi Januari 1964, na ambayo leo tunaiita Lugalo. Kwa muda nilidhani baba alikuwa wa Colito, kwa sababu tu jina la kambi nililifahamu. Ni kosa ambalo watafutaji wengi tunalifanya: tunampeleka mzazi kwenye vita tunavyovijua.

Aliyenitoa huko ni shangazi. Alikumbuka kwamba baba aliporudi, mwaka 1946, alilala nyumbani usiku mmoja tu, kesho yake akaondoka kwa miguu kwenda Korogwe kupeleka taarifa ya msiba. Rafiki yake wa Korogwe hakurudi. Shangazi alilikumbuka jina la marehemu huyo, na jina la baba yake.

Mwaka 2014 nikapanda basi la asubuhi. Mdogo wa marehemu huyo alikuwa hai, mzee mwembamba, ameketi kwenye kibao chini ya mwembe, uso umeelekea katani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa yule wa blanketi?"

Akanisimulia. Baba alifika na blanketi la jeshi, la kijivu, akampa mama yao akisema ni la mwanawe. Mzee huyo wakati ule alikuwa mtoto wa shule, na ndiye aliyekuwa akisindikizana na mama kwenda boma kupokea fedha ambazo kaka aliwakatia kutoka kwenye mshahara wake, kwa hiyo namba ya askari ya kaka yake aliijua kama jina. Blanketi lilikuwa na namba pembeni. Haikuwa hiyo. "Baba yako alitoa la kwake," akaniambia. "Nilimnong'oneza mama. Akasema nyamaza, akalikunja." Nilimuuliza kama anaikumbuka namba iliyokuwa kwenye blanketi. Hapana. Nalo blanketi lilichakaa likaisha.

Tukakaa. Akanionyesha kwa mkono upande wa Magunga, akasema vita vile vile vilikuwa huku pia. Ni kweli. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Ufilipino na Java, kamba za upande wa Waingereza na Wamarekani zikawa zinategemea sana katani ya Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikaanza kuandikisha watu kwa lazima kuikata. Ndugu mmoja Burma, mwingine manamba Korogwe, kwa sababu ya adui mmoja. Huyo wa pili hana nyota ya shaba, na sijaona mtoto wake akiulizwa habari zake.

Jina la marehemu niliandika kwenye daftari, nikaenda nalo kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye intaneti bila malipo. Nililiandika kwa tahajia nne kabla halijatokea, maana makarani wa Kiingereza waliandika majina ya Kizigua kama walivyoyasikia. Lilikuwamo: askari, batalioni ya 36, amefariki mwishoni mwa 1944, anakumbukwa kwenye mnara wa Rangoon, huko Burma, pamoja na watu wengine karibu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana. Waliandikishwa pamoja, wakafunzwa pamoja, na baba ndiye aliyekuwapo alipokufa. Nimempata baba kupitia kwa marehemu. Ukiwa na mzazi aliyerudi salama, anza na rafiki ambaye hakurudi, kwa sababu waliokufa ndio walioandikwa.

Batalioni ya 36 ilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, mnyama. Mwaka 1943 divisheni ilivuka bahari kwenda Ceylon, Sri Lanka ya sasa, kujifunza vita vya msituni. Bahari yenyewe ilikuwa vita: Februari 12, 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wenye bahati walifika. Agosti 1944, Wajapani walipokwisha kushindwa Imphal na Kohima, upande wa India, divisheni ikaambiwa iwafukuze kusini kupitia bonde la Kabaw, katikati ya masika ya huko. Barabara iligeuka tope, magari yakazama, chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege. Malaria na ruba havikuchagua cheo. Miezi minne. Tarehe 2 Desemba 1944 Kalewa ikaangukia mikononi mwao, na siku chache baadaye wahandisi wakatandaza juu ya Chindwin daraja la vyuma la futi 1,154, karibu mita 350, lililosemwa kuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo.

Kila batalioni iliandika shajara ya vita, kila siku, kwenye fomu ya jeshi yenye safu za mahali, tarehe, saa na mukhtasari wa matukio. Za Burma zimehifadhiwa Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, chini ya alama WO 172. Mpwa wangu anayesoma huko alikwenda, akapiga picha kurasa na kunitumia kwenye simu. Nilizisoma usiku kucha. Maofisa wanatajwa kwa majina. Askari wanatajwa kwa idadi. Waliouawa wawili, waliojeruhiwa watano. Siku ambayo orodha ya makaburi inaonyesha kuwa ni ya kifo cha yule wa Korogwe, shajara ina tarakimu moja. Niliitazama tarakimu ile muda mrefu. Mama yake ndiye aliyepewa blanketi.

Babu zetu wa Vita Kuu ya Kwanza hali yao ni mbaya zaidi. Juni 1916 majeshi ya Waingereza ya Jenerali Smuts yalipoingia Handeni, nyuma yao walikuwa wapagazi wasiohesabika, na Wajerumani waliokuwa wakikimbia walikuwa na wao. Mwaka 2021 Tume ile ile ya makaburi ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa jina popote au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hao hakuna orodha ya kutafuta kwa tahajia nne. Kuna wazee tu, na ndiyo maana nasema nendeni kwao mwaka huu. Daftari, kalamu, jina la rafiki, jina la mto. Yule mzee wa Korogwe alifariki mwaka mmoja baada ya mimi kukaa chini ya mwembe wake.

Ukurasa mmoja niliuchapisha nikampelekea shangazi. Haoni vizuri, nikamsomea. Kwenye safu ya kwanza, ya mahali, kwa herufi za taipureta, limeandikwa neno TAMU.

"Kumbe ni mji?"

"Ni mji, shangazi."

"Una soko?"

Nikamwambia upo mpakani, na soko lipo, watu wa India walikuwa wakivuka kuja kununua. Akafikiri kidogo. Kisha akawaita wajukuu waliokuwa uani, akawakalisha mkekani, akaniambia nisome tena kuanzia juu.