Mpaka Uko Kwa Kadi

Eti intaneti haina mipaka? Hiyo stori tuliuziwa. Jaribu kununua ngoma ukiwa nchi moja na kadi yako imetoka nchi ingine, ndio utajua mpaka uko wapi.

Chuo niliacha, lakini historia sijaiacha. Twende nyuma kidogo.

Mwaka wa 1886, nchi 10 zilitia saini Mkataba wa Berne. Kazi ya msanii ikalindwa kila nchi, lakini kila nchi kwa sheria yake. Ndio maana haki za wimbo mmoja huuzwa vipande vipande: Marekani kwa huyu, Ufaransa kwa yule. Enzi za santuri nani alijali? Unanunua Paris, unatia kwa begi, unacheza Nairobi.

Miaka ya 1990 DVD ikaharibu mambo. Dunia ikagawanywa kanda 6. Marekani na Canada ni 1, Ulaya Magharibi ni 2, sisi Kenya ni 5. Diski halali ya shangazi yako wa Boston ikifika hapa, mashine inaikataa.

Halafu 28 Aprili 2003 Apple wakafungua duka la iTunes: nyimbo 200,000, kila moja senti 99 za dola. Lakini ni Marekani tu. Walijuaje wewe ni wa wapi? Anwani ya bili ya kadi yako. Haijalishi umekaa wapi, ni bili inaenda wapi.

Juni 2004 ikafika zamu ya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, kila mtu na duka lake. Mwingereza alilipa peni 79, Mfaransa senti 99 za yuro, na peni 79 wakati huo zilikuwa pesa zaidi. Kuvuka kwenda duka la jirani? Zii. Tume ya Ulaya ikaingilia, na Januari 2008 Apple wakaahidi kushusha bei ya Uingereza. Ahadi ilikuwa ya bei tu, ukuta ukabaki.

Aprili 2018 Umoja wa Ulaya ukasema video unazolipia kila mwezi zikufuate ukisafiri kwa muda ndani ya Umoja. Ukihamia kabisa, hiyo sheria haikuhusu.

Na kuhama ndio maisha yetu. Mkenya yuko Doha, akaunti ni ya Nairobi. Google Play inakuruhusu kubadilisha nchi mara moja tu kwa mwaka. Apple wanataka umalize salio kwanza, kisha ulete njia ya kulipa ya nchi mpya. Na kama bado hujapewa akaunti ya benki huko?

Mimi nakula kupitia kontenti, kwa hivyo hakimiliki naitetea. Lakini mtu ameshika pesa mkononi anataka kulipa, unamfukuza, halafu unamwita mwizi? Sisi tuliokua na DVD za 50 bob hatukuzaliwa tukipenda kuiba. Duka halali halikuwa limetufungulia mlango.