Boriti, Chokaa na Picha: Nyumba za Sanaa ya Kisasa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Ni desturi kuieleza biashara ya picha katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa kumtazama mtalii: picha ni ndogo na hujirudia kwa kuwa mnunuzi yu safarini. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Insha hii inashikilia kwamba anayefungua nyumba ya sanaa mjini humo hukabiliana kwanza na jengo lenyewe, na kwamba jengo hilo limechangia kuamua sanaa ipi ionekane.

Nyumba nyingi za mji huo ni za karne ya 19, za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ni fupi, upana wa chumba ni takribani mita 3 tu. Chumba huwa kirefu na chembamba. Ikitundikwa humo picha kubwa, mtazamaji hukosa pa kurudi nyuma aione yote. Hapakuhitajika amri ya kuikataza, boriti ilitosha.

Ukuta nao una masharti yake. Chokaa hupitisha unyevu, na chumvi hujitokeza juu yake kama unga. Mpangaji atakaye ukuta mweupe usio na doa hushawishika kupiga plasta ya saruji. Unyevu hufungiwa ndani, na hatimaye plasta hubanduka. Mafundi wa chokaa wanalijua jambo hili tangu zamani: ukuta uachwe upumue. Kwa mwenye nyumba ya sanaa, maana yake ni kuitenga picha na ukuta kwa vipande vya mbao nyuma ya fremu, na kuridhika na madoa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na matengenezo yakazorota. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, ikafuata sheria ya 1994, kisha mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kubadili jengo kukawa jambo la kuombewa kibali, na kwa haki kabisa. Lakini sheria hiyo ni ya majengo. Humlinda seremala aliyekwisha kufa kwa kuuhifadhi mlango wake; mchoraji aliye hai hujitegemea.

Katika mazingira hayo, mtindo uliostawi ulitoka bara. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zing'aazo juu ya vibao vya mraba, akafariki mwaka 1972. Picha za mtindo wake huenea begini mwa mgeni. Huenea vilevile katika chumba cha mita 3. Hapo hoja ya mtalii na hoja ya boriti hukutana.

Kinyume chake ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, mshindi wa Tuzo ya Turner ya 2017. Kazi yake moja ya 2004 ina sanamu bapa 100 za ukubwa wa mtu, zinazosimama sakafuni, nao watazamaji hupita katikati yake. Haziwezi kuingia katika vyumba nilivyovieleza. Jengo la kuzifikiria lilikuwa Beit al-Ajaib la 1883, lenye ua mpana wa ndani. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.