Historia Iliyomo Chunguni

Wengi wetu tufunguapo kitabu cha historia hutarajia kukuta vita, wafalme na mikataba. Si ajabu, kwa kuwa mambo hayo yaliibadili dunia. Lakini yako na mengine yaliyoibadili dunia kimyakimya, nayo hayakuandikwa kwa wino bali kwa unga, maji na moto. Leo nataka nikuchukue, msomaji wangu, mpaka jikoni mwa Abagusii, wakaao Kisii na Nyamira katika magharibi ya Kenya, ili tuisome pamoja sahani moja ya chakula cha jioni.

Sahani hiyo huenda waijua. Juu yake pana ugali mweupe wa mahindi, na kando yake pana chinsaga, mboga chungu ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani. Mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni, mgonjwa aliyeinuka kitandani, na mama aliyejifungua, wote huandaliwa chakula hicho, na wakikionja huona kwamba sasa wamefika nyumbani. Ukiuliza, utaambiwa kuwa hicho ndicho chakula cha wazee wetu. Jibu hilo lina ukweli wa nusu tu. Mboga ni ya wazee. Ugali ule mweupe ni mgeni aliyekaa sana hata ikasahaulika kuwa aliwahi kubisha hodi. Basi, mwenyeji wa zamani alikwenda wapi? Na kwa nini mboga haikwenda naye?

Mwenyeji huyo ni wimbi, ambalo kwa Ekegusii huitwa obori. Wimbi ni nafaka ya Afrika hasa. Lilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, kisha likavuka bahari hata Bara Hindi. Punje zake ni ndogo mno, lakini zikikaushwa vema na kuwekwa ghalani huweza kukaa miaka mingi bila kuharibiwa na wadudu. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi, na ukilitazama wimbi waona walisema kweli.

Chakula kilikuwa na nguvu ya kuongoza hata safari za watu. Simulizi za Abagusii zasema kwamba wazee wao, katika kuhama kwao, walikaa kwanza Kabianga, katika nchi ya Kericho ya leo. Huko mazao hayakustawi na ng'ombe wakafa, na jina Kabianga lenyewe hufasiriwa katika lugha yao kwa maana ya kukataa: nchi ilikataa kuwalisha. Wakang'oka, wakasumbuka, hata wakatulia katika vilima wakaavyo sasa, penye mvua tele na udongo mwema. Huko wimbi lilikubali.

Kutokana na wimbi ulipikwa obokima, ugali wa rangi ya udongo, mzito na wenye harufu ya moto. Wanawake walilisaga kwa jiwe juu ya jiwe, wakachemsha maji, wakasonga kwa mwiko hata jasho likawatoka. Ugali huo haukupakuliwa katika sahani. Uliwekwa katika ekee, kikapu kidogo kilichosukwa kwa mabua ya wimbi lenyewe, nao ukakaa humo na joto lake. Angalia, ewe msomaji, jinsi mambo yalivyofungamana: mmea mmoja ulitoa chakula na chombo cha kulia. Mmea ukipungua, na chombo hupungua.

Chinsaga nayo ina adabu zake. Majani huchumwa yakiwa machanga, huoshwa, huchemshwa, na maji machungu humwagwa. Kisha hutiwa maziwa, hubandikwa tena katika chungu cha udongo, na kesho yake huongezwa maziwa mengine na kupashwa moto. Siku ya tatu uchungu umelainika, na ladha imekomaa. Hakuna kiungo cha kununua, wala hakuna haraka. Kazi kubwa hufanywa na maziwa, moto mdogo na uvumilivu.

Sasa tufike katika mwaka 1907, Waingereza walipoweka kituo cha serikali mahali palipokuwa baadaye mji wa Kisii. Mwezi wa Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wao, Northcote, naye hakufa. Jeshi likaja kulipiza kisasi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto na ng'ombe wakachukuliwa. Miaka michache baadaye serikali ilizivunja pia kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate, ambamo vijana walilinda mifugo. Vitabu husimulia habari hizi kama habari za siasa, na ndivyo zilivyo. Lakini nyumba iliyopoteza ng'ombe imepoteza maziwa, na mboga isiyo na maziwa hubaki chungu. Vita vilifika hata mezani.

Baada ya bunduki ilikuja kodi, na kodi ilitaka fedha. Ndipo mahindi yakapata nafasi. Asili ya mahindi ni Amerika, nayo yaliletwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki baada ya Wareno kufika. Bara yalienea sana katika karne ya 20, kwa kuwa serikali ilihimiza yalimwe, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilifungua soko lake. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Kisii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini Kenya kuruhusiwa kulima kahawa, zao ambalo kabla ya hapo walowezi walilishika kama mali yao peke yao. Baadaye, tangu miaka ya 1950, chai nayo ilianza kuvipanda vilima. Fedha ziliingia, ada za shule zikalipwa. Lakini shamba halikuongezeka, na kila mche mpya ulikaa mahali pa mwingine.

Hata hivyo fedha peke yake hazikuliangusha wimbi. Wimbi ni zao la mikono mingi. Magugu yake hufanana nalo, hata mpaliliaji hana budi kuinama na kuchagua kwa vidole. Likikomaa ndege hulivamia, na lazima mtu akeshe shambani akipiga kelele. Huvunwa kwa kisu kidogo, suke baada ya suke. Zamani majirani walikusanyika katika kazi ya pamoja iliyoitwa risaga, na watoto ndio waliofukuza ndege. Mahindi hayataki hayo yote: gunzi limevikwa maganda, na kinu cha mashine huyasaga upesi. Watoto walipokwenda shule, ndege walibaki na wimbi. Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, mojawapo ya sababu za kuondoka kwa wimbi ni dawati ulilokalia. Sisemi haya kwa kukulaumu, wala sitaki uliache dawati. Nasema ili ujue kwamba kila faida ina bei yake, na aliyeipata yafaa aijue.

Mbona basi mboga ilibaki? Kwa sababu haikuhitaji shamba kubwa, wala ruhusa, wala soko la mbali. Ilimea nyuma ya nyumba, katika udongo wenye samadi, mikononi mwa mama. Haikutozwa kodi, na hakuna aliyeihesabu. Ni kweli kwamba ilidharauliwa: kwa muda mrefu chinsaga na rinagu, yaani mnavu, zilihesabiwa kuwa chakula cha maskini, na kabeji ikapewa heshima. Lakini dharau ikageuka. Wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia walizichunguza mboga za asili, wakaonyesha wingi wa madini na vitamini zilizomo. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mema. Leo mboga iliyoonewa haya husafiri kwa lori usiku kutoka Kisii ili iuzwe Nairobi asubuhi.

Usidhani kwamba hadithi imekwisha kwa heri. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kisii ina watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576, nao wakaa katika mashamba yanayogawanywa kila kizazi. Mwaka 2011 ugonjwa mkali wa mahindi ulionekana Bomet, jirani wa Nyamira, ukaenea katika wilaya nyingine. Na waliotegemea nafaka moja walijua ubaya wa kuweka mayai yote katika tenga moja. Ghala la wimbi lilikuwa kinga dhidi ya siku kama hizo.

Wimbi halikufa. Bado lipo katika uji wa asubuhi na katika sherehe za arusi, na wako wazee wajuao kulipalilia kwa vidole. Ujuzi huo hauko katika kitabu chochote cha mtihani wako. Uko kwa bibi yako, naye hatakaa milele. Likizo ijapo, muulize alikula nini alipokuwa na umri wako, nani alikilima, na kwa nini kiliachwa; kisha andika majibu yake kwa tarehe na majina, kama mwanahistoria aandikavyo. Na akikukaribisha jikoni, shika mwiko usonge.